Usafi na afya kwa watoto wa awali hadi darasa la pili: maswali ambayo walimu na wazazi huuliza mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila muhula: kwenye vikao vya wazazi, ofisini kwa walimu, na getini mzazi anapokuja kumchukua mtoto. Majibu yanalenga watoto wa miaka 5 hadi 8 katika shule zetu za msingi hapa Tanzania, ambazo nyingi zina watoto wengi na maji machache. Msimamo wangu kama mwalimu wa madarasa ya chini ni huu: mtoto mdogo hushika usafi kwa kuufanya kila siku mahali palepale, maji na sabuni vikiwa karibu naye, mbele ya mtu mzima asiyemwaibisha. Yaliyobaki yote yanatoka hapo.

Usafi ni kazi ya shule au ya nyumbani?

Ni ya wote wawili. Kwa upande wa shule jambo hili limo kwenye mtaala kabisa: darasa la kwanza na la pili, pamoja na Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, watoto hujifunza kutunza afya na mazingira. Shida ni kwamba kipindi kikiisha, mara nyingi na usafi umeisha. Mtoto amechora bomba na mikono yenye povu, akapata vema, kisha akaenda chooni na kurudi mbio darasani bila kunawa kwa sababu ndoo ilikuwa tupu tangu asubuhi. Vema ile haijamsaidia chochote. Kama una dakika thelathini za kufundisha usafi kwa wiki, bora uzigawe dakika sita sita kila siku penye maji kuliko kuzimaliza zote ubaoni.

Mtoto anatakiwa kunawa mikono wakati gani hasa?

Baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, baada ya kupenga kamasi au kukohoa mkononi, na baada ya kucheza na udongo au wanyama. Lakini ukiwapa watoto wa miaka sita orodha ndefu hawabaki na kitu. Anza na mbili tu, choo na chakula, zisimamie mpaka ziwe mazoea, kisha uongeze nyingine. Shuleni nyakati hizi mbili zinajulikana mapema: mapumziko, na saa ya uji au chakula cha mchana. Mwalimu wa zamu akisimama penye maji nyakati hizo, kazi kubwa imefanyika.

Nawaelezaje watoto wadogo kuhusu vijidudu wasivyoviona?

Usianze kwa kueleza. Waonyeshe.

Chukua chaki nyekundu, isage iwe unga, ujipake kiganjani. Salimiana kwa mkono na mtoto wa dawati la kwanza, yeye amsalimie jirani yake, na huyo amsalimie wa nyuma. Baada ya muda mfupi waambie wote wainue mikono. Wekundu umefika kwenye vidole, kwenye mashavu ya waliojikuna, kwenye madaftari, na kuna mmoja utamkuta nao mdomoni. Hapo ndipo unapouliza: "Je, kama hii ingekuwa kinyesi kidogo ambacho hatukioni?" Watoto watacheka, kisha watanyamaza na kutazama mikono yao.

Lingine ni la masizi. Watoto wawili wapakwe viganjani mafuta kidogo ya kupikia yaliyochanganywa na masizi ya chini ya sufuria. Mmoja anawe kwa maji matupu, mwingine kwa maji na sabuni. Yule wa maji matupu atasugua mpaka achoke na weusi utabaki palepale, hasa katikati ya vidole na kandokando ya kucha. Baada ya hapo huhitaji kuwahubiria kwa nini sabuni. Wameona kwamba uchafu wenye mafuta hauondoki kwa maji peke yake.

Wanawe kwa muda gani? Watoto wangu hugusa maji na kukimbia.

Kusugua kwa sabuni kuchukue sekunde 20 hivi. Mtoto wa darasa la kwanza hajui sekunde, lakini silabi anazijua. Waagize wasugue huku wakiimba ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, da de di do du, na kuendelea mpaka mstari wa sita, polepole, ndipo wasuuze. Umepata muda unaotosha na umefanya marudio ya kusoma bila wao kujua. Kila mstari uupe sehemu yake ya mkono: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba, ncha za vidole, mwisho kifundo. Kidole gumba ndicho husahaulika kuliko vyote, na ndicho watoto wengi hunyonya.

Shule yetu haina bomba. Tufanyeje?

Tengenezeni kibuyu chirizi, yaani dumu la maji linaloinama mtoto akikanyaga kijiti. Wengi wamekisikia, ila wanapokitengeneza hukosea vitu vidogo, kikaharibika wiki ya kwanza, wakasema hakifai. Kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Tafuta dumu la lita 5, lile la mafuta ya kula linatosha. Lioshe kwa sabuni mpaka harufu ya mafuta iishe. Pasha msumari moto na utoboe tundu dogo moja ubavuni, sentimita 12 hivi chini ya mfuniko, upande usio na mkono wa dumu. Tundu likiwa kubwa maji yanaisha kabla nusu ya darasa haijanawa. Chimbia nguzo mbili zenye panda, ziingie ardhini kiasi cha nusu mita, la sivyo watoto watazing'oa. Pitisha ufito kwenye mkono wa dumu, uulaze juu ya panda hizo. Toboa mfuniko, pitisha kamba na uifunge kwa ndani kwenye kijiti ili isichomoke. Ncha ya pili ya kamba ifungwe kwenye kijiti kirefu kilicholala chini. Mtoto akikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika, akiachia linarudi. Hakuna anayeshika kitu kwa mkono mchafu.

Sabuni itobolewe na ining'inizwe kwa kamba pembeni, na juu yake uweke kopo lililopinduliwa ili mvua isiiyeyushe. Chini weka kokoto, kwa sababu tope likianza kutapakaa watoto wataacha kwenda, na mbu watapata makazi.

Urefu ndio kosa kubwa kuliko yote. Watu wazima hujenga kwa kimo chao. Mwite mtoto mfupi kuliko wote wa darasa la awali, akunje mikono kama anayenawa, maji yadondokee hapo. Na viwe viwili au vitatu karibu kabisa na njia ya kutokea chooni, pale ambapo mtoto hawezi kupita bila kuviona. Kibuyu kilichowekwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu ili wageni wakione hakitumiwi na watoto.

Kitu hiki kilianzia Zimbabwe miaka ya 1980 kikitengenezwa kwa kibuyu halisi, na kimeenea Afrika kwa sababu kinatumia maji machache mno. Pale maji yanapobebwa kichwani, hilo ni jambo kubwa. Ndoo yenye koki nayo inafaa, ila koki huguswa na kila mmoja, na ikivunjika hukaa miezi haijabadilishwa. Baada ya shule kufunguliwa tena mwaka 2020, wakati wa korona, ndoo za maji tiririka zilikuwa kila mlango. Nyingi leo zimekauka, na sababu kubwa ni kwamba hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuzijaza. Panga zamu, iandike ukutani, na isiwe ya wasichana peke yao.

Sabuni inaibiwa kila tunapoiweka.

Kipande kizima cha sabuni ya mche kitaondoka, hasa kama nyumbani haipo. Katakata vipande vidogo, ukitie kimoja kwenye soksi kuukuu au kipande cha neti, ukifunge kwa kamba. Au koroga sabuni ya unga kidogo kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa mfuniko, watoto wabonyeze. Sabuni maji hiyo ni rahisi na haina anayeitamani. Siku sabuni ikikosekana kabisa, majivu safi yaliyopoa yanasaidia, nayo yana afadhali kuliko maji matupu.

Je, ukaguzi wa usafi mstarini unasaidia?

Kwa namna unavyofanywa katika shule nyingi, hapana, na hili nalisema kwa uzito. Jumatatu asubuhi watoto wamenyoosha mikono, migongo ya viganja juu, mwalimu anapita na rula. Ukitazama mstari kwa makini utaona wale wa mwisho wanatafuna kucha haraka haraka kabla hajawafikia, yaani wanameza kile tulichotaka wakiondoe. Aliyekutwa na kucha ndefu anachapwa au anatolewa mbele achekwe na wenzake. Jumatatu inayofuata hayupo shuleni.

Uchafu wa mtoto wa miaka sita mara nyingi ni habari ya nyumba yake. Anaweza kuwa na sare moja inayofuliwa Jumamosi tu, analelewa na bibi asiyeona vizuri, au nyumbani maji yananunuliwa kwa ndoo. Yeye mwenyewe hana uwezo wa kubadilisha hata moja kati ya hayo.

Ukaguzi wenyewe si mbaya, ubaya uko kwenye jukwaa. Ufanye darasani, mtoto mmoja mmoja anapoleta daftari mezani. Uwe na kikata kucha kwenye droo, ukifute kwa spiriti kila baada ya mtoto mmoja. Wembe mmoja usipite kwa watoto wengi hata mara moja, kwa sababu damu kidogo inatosha kuambukiza. Kata kucha zake palepale, zungumza naye mambo mengine, mrudishe akaketi. Ukiona jambo linajirudia, mwite mzazi faraghani na uanze kwa kuuliza hali ya nyumbani kabla hujalaumu.

Kuna mtoto ananuka mkojo kila siku na wenzake wanamkimbia.

Kukojoa kitandani katika umri wa miaka mitano au sita ni jambo la kawaida kabisa, na mtoto hafanyi makusudi. Kumwita kikojozi hakujawahi kumponya mtu. Shule iwe na sare mbili tatu za akiba, sabuni na kitambaa, na mwalimu mmoja anayeaminiwa na watoto amsaidie ajifute na abadilishe kabla ya mstari. Ongea na mzazi: amwogeshe asubuhi, asimpige, asimnyime maji ya kunywa mchana kutwa. Kama tatizo limeanza ghafla, au mtoto analia akikojoa, au mkojo una damu, aende kituo cha afya apimwe.

Wanangu wanaogopa choo cha shule.

Wana haki ya kuogopa. Tundu limechimbwa kwa kimo cha mtu mzima, ndani giza, nzi wanapaa, na mtoto anaamini atatumbukia. Matokeo yake hujizuia mpaka anajichafua darasani, au anakwenda nyuma ya jengo.

Wiki ya kwanza ya muhula wapeleke watoto wa awali na darasa la kwanza chooni kwa vikundi vidogo, mlango ukiwa wazi. Waonyeshe pa kuweka miguu, namna ya kuchuchumaa, maji yalipo. Kama kuna uwezekano watengewe tundu lao dogo, lenye mwanga. Wafundishwe kutawaza kwa mkono wa kushoto, na wasichana wafundishwe kupeleka mkono kutoka mbele kwenda nyuma ili uchafu usifike kwenye njia ya mkojo. Haya mengi huachwa yakidhaniwa mtoto ameyajua nyumbani.

Mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kamati ya shule iujue uwiano huo, iuhesabu, na iupeleke kwenye kikao cha kijiji au mtaa kama hoja. Na mtoto afundishwe mapema kwamba anayemsaidia chooni ni mtu anayejulikana kwa kazi hiyo tu, na kwamba mtu akimgusa sehemu za siri kwa namna inayomtia hofu aseme. Simu ya bure ya 116 inapokea taarifa za watoto.

Je, kumpa mtoto adhabu ya kusafisha choo kunamfundisha usafi?

Kunamfundisha kwamba choo ni pa wakosaji. Usafi wa mazingira uwe wa zamu, kila mtoto kwa umri wake, na watoto wa madarasa haya ya chini wasioshe vyoo kabisa. Kufagia darasa, kumwagilia maua na kuokota karatasi kunawatosha.

Mtoto wangu anapiga mswaki lakini meno yake ni ya kahawia. Mwalimu anamwambia hapigi.

Unaishi wapi, au mtoto alikulia wapi? Swali hilo linatakiwa kuulizwa kwanza. Maji ya sehemu nyingi za Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga yana madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima kuzunguka Mlima Meru vinavyopita hapo mara nyingi. Mtoto akiyanywa tangu akiwa mchanga, wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, meno hayo hutoka na mabaka ya njano au kahawia, na mengine na vishimo. Magadi yanayotiwa kwenye makande na mboga huongeza kiasi hicho. Hakuna mswaki unaoondoa rangi hiyo, na mtoto akisugua kwa nguvu, au kwa mchanga na mkaa kama wengine wanavyoelekezwa, anajiumiza fizi na kula meno bure.

Kwa hiyo mwalimu uliyepangiwa Arumeru, mkoani Arusha, ukitoka pwani, usiwaambie watoto hawa kwamba ni wachafu. Wanaacha kucheka, wanaziba midomo wakisoma kwa sauti. Kinachosaidia ni maji ya kunywa na kupikia kwa watoto wadogo: maji ya mvua, chanzo kilichopimwa, au maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeishughulikia kwa muda mrefu.

Kuhusu kupiga mswaki kwenyewe: mara mbili kwa siku, na ile ya usiku kabla ya kulala ndiyo isiyokosekana. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya njegere, mtoto aiteme asiimeze. Asiye na mswaki wa dukani atumie mswaki wa mti, ncha ikitafunwa mpaka iwe laini, na kila mtoto awe na wake. Mpaka afike miaka saba au nane mtu mzima amsaidie, kwa sababu meno ya nyuma hayafikii vizuri.

Vidonge vya minyoo na kichocho vinavyotolewa shuleni ni salama? Nimesikia watoto huzimia.

Ni salama, na ni vizuri uulize badala ya kumficha mtoto nyumbani siku hiyo. Dawa ya minyoo ni albendazole, kidonge kimoja cha miligramu 400, mtoto hukitafuna. Ya kichocho ni praziquantel, na idadi ya vidonge hutegemea kimo, ndiyo maana utaona walimu wakiwasimamisha watoto kwenye fimbo ya kupimia urefu. Hii ya pili ikimezwa tumbo likiwa tupu huleta kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo, hasa kwa mtoto mwenye minyoo mingi ya kichocho. Ale kwanza. Shule ipike uji siku hiyo, na mzazi asimtoe mtoto nyumbani na njaa.

Hofu ina historia yake. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, ugawaji wa dawa hizi ulizua taharuki baada ya uvumi kuenea kwamba watoto wamekufa, wazazi wakavamia shule. Walimu waliokuwepo hawakuwa na cha kuwajibu, kwa kuwa wazazi hawakuelezwa mapema. Kwa hiyo kikao cha wazazi kabla ya siku ya dawa ni sehemu ya tiba. Waambieni jina la dawa, watajieni maudhi yake madogo, na waambieni nani atakuwepo.

Lakini dawa bila mazoea hairudishi afya, mtoto huambukizwa tena. Minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya nyayo, basi avae viatu au ndala hata wakati wa kucheza na kwenda chooni. Mayai ya minyoo mikubwa huingia kwa mdomo, kutoka mikononi na kwenye matunda yasiyooshwa. Kichocho kinatoka kwenye maji yasiyo ya chumvi yenye konokono: cha mkojo hupatikana sana Unguja, Pemba na mwambao, cha tumbo zaidi kandokando ya Ziwa Viktoria. Mtoto wa Ukerewe hatakuelewa ukimkataza ziwa ambalo baba yake anavua. Mfundishe asikojoe wala kujisaidia majini, kwa sababu hapo ndipo mzunguko unapoanzia, na apimwe na kumeza dawa kila zinapotolewa.

Kunawa uso kuna umuhimu gani? Mikono haitoshi?

Katika maeneo makavu kama Kongwa mkoani Dodoma, kunawa uso ni kinga ya vikope, yaani trakoma. Nzi hufuata tongotongo na kamasi, wakitoka kwa mtoto mmoja wanatua kwa mwingine na kumwachia vimelea. Mtoto akiambukizwa tena na tena, akiwa mtu mzima kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho mpaka linapofuka. Maji ya viganja viwili asubuhi yanatosha kusafisha uso. Taulo moja isitumike na watoto wote.

Maji ya kunywa, na vitu vinavyouzwa getini?

Kikombe kimoja kilichofungwa kamba kwenye pipa ni njia nzuri ya kusambaza kuhara darasa zima. Kila mtoto aje na chupa au kikombe chake chenye jina. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji, yakae kwenye chombo chenye mfuniko na koki. Pasipo kuni wala dawa, maji maangavu kwenye chupa safi za plastiki zisizo na rangi zikianikwa juani kwa muda wa saa sita hupungua vimelea kwa kiasi kikubwa. Siku ya mawingu ziache siku mbili.

Mama anayeuza maandazi, ubuyu na maembe ya pilipili getini mumfanye mshirika. Mkimfukuza leo, kesho atauza kichochoroni msikomwona. Mwalimu wa afya akae naye: vyakula vifunikwe, matunda yaoshwe kwa maji safi, pesa na chakula visishikwe kwa mkono uleule, barafu za mifuko zitengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Kipindupindu kikitangazwa mkoani, vyakula hivyo visimamishwe mara moja.

Mtoto ameanza kuharisha darasani. Nifanye nini kabla mzazi hajafika?

Mpe maji ya chumvichumvi: pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji salama, anywe kidogo kidogo, akitapika subiri dakika kumi uendelee. Pakiti zikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, kwenye lita moja ya maji salama. Usizidishe chumvi. Kama kinyesi ni cha majimaji mfululizo kama maji ya mchele, macho yamezama, au kina damu, usimsubiri mzazi. Mpeleke kituo cha afya huku akiendelea kunywa. Waliokaa naye wanawe, na palipochafuka pamwagiwe maji ya dawa ya klorini.

Mwenye mapunye au upele arudishwe nyumbani?

Hapana haja ya kumfungia nyumbani wiki nzima. Mapunye ni fangasi, huenezwa kwa kofia, vitana na mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi kwa mapunye ya kichwani, kwani fangasi wako ndani ya shina la nywele, kwa hiyo zahanati itampa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Akishaanza dawa aendelee na masomo. Upele unaowasha usiku hutibiwa nyumba nzima kwa siku moja, pamoja na kufua na kuanika mashuka juani. Ukimtibu mtoto peke yake atarudi nao.

Usingizi nao ni usafi?

Ni afya, na mtoto anayesinzia hajifunzi lolote kati ya haya. Umri huu unahitaji usingizi wa kiasi cha saa 9 hadi 11 kila usiku, chini ya chandarua. Vyandarua vinavyogawiwa shuleni, mpango ulioanza mwaka 2013 katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, vitumike kitandani kwa mtoto, si kwenye bustani ya mboga.

Wazazi wanasema: "Sisi tulikua hivyohivyo na hatukufa." Nawajibuje?

Kwa heshima. Mzee anayesema hivyo huenda alizika wadogo zake wawili na hakuambiwa walikufa kwa nini. Mkumbushe pia kwamba jambo hili si geni wala si la wazungu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Walisikiliza kipindi, wakajadili kijitabu, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Kampeni hiyo imezinduliwa upya 2024. Wako mabibi na mababu kijijini kwako waliokuwa kwenye vikundi hivyo. Mwalike mmoja darasani aeleze walichofanya. Watoto watamsikiliza kuliko wewe.

Tuna mtoto asiyeweza kuchuchumaa kwa ulemavu.

Fundi wa kijiji anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, kikawekwa juu ya tundu la choo na kufutwa kila kikitumika. Pigilia nguzo ya kushikia ukutani kwa kimo cha mtoto, jazeni mteremko wa udongo na mawe mahali pa ngazi, na mlango uwe mpana na ufungukie nje. Kwa mtoto asiyeweza kukanyaga kijiti cha kibuyu chirizi, wekeni ndoo yenye koki mezani, chini yake pabaki wazi ili baiskeli ya magurudumu iingie. Kabla ya kujenga chochote mwite yeye na mzazi wake wajaribu, kwa sababu wao ndio wanaojua mkono upi una nguvu na upande upi anaegemea.